Kusoma diski ya Linux ukiwa Windows: njia ipi ikufae

Kabla hujapakua programu yoyote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Disk Management, kisha tazama. Usiguse kitu, tazama tu. Diski yako imegawanywa kama nyumba ya kupangisha: kuna kichumba kidogo cha kuwashia mashine, kuna sebule kubwa ya C iliyoandikwa NTFS, yaani mfumo wa mafaili wa Windows, halafu kuna chumba kimoja au viwili vyenye ukubwa lakini visivyo na herufi. Humo ndimo Linux inamoishi. Windows inauona mlango na inajua chumba kina gigabaiti ngapi, ila kilichomo haikielewi. Linux nyingi huhifadhi mafaili kwa mfumo wa ext4, ambao umekuwa ukitumika rasmi tangu mwishoni mwa 2008, na hadi leo Windows haiufungui yenyewe.

Sasa angalia jambo moja linaloamua mengine yote. Chumba hicho kiko kwenye mstari wa Disk 0 pamoja na C, au kiko kwenye mstari wake peke yake, Disk 1? Yaani Windows na Linux zimepanga nyumba moja, au kila mmoja ana nyumba yake? Likumbuke jibu lako, maana kuna njia nzuri sana hapa chini ambayo itakufaa au itakukatalia kwa sababu hiyo tu.

Mimi nina steshenari Chikongola, hapa Mtwara mjini. Kazi yetu ni kuchapa, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, lakini msimu wa korosho ukifika, tangu Oktoba, nusu ya siku inaishia kwenye kompyuta za watu. Mwaka jana alikuja mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi, ameshuka kwenye basi la alfajiri kutoka Tandahimba na kompyuta mpakato kwenye mfuko wa salfa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mpwa wangu kaniwekea Linux humu, akaniambia haina virusi. Kweli sijaona kirusi. Sasa leo na yenyewe siioni."

Nikaiwasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe, mstari mmoja: `grub rescue>`. Upande wa Windows ulikuwa ukiwaka vizuri ukiuita kwa kitufe cha F12, ila orodha ya wakulima, majina, kilo za daraja la kwanza na la pili, namba za akaunti, yote ilikuwa upande wa Linux. Mnada kesho yake. Intaneti tuliyokuwa nayo ni ya simu yangu, na bando lilikuwa limebaki megabaiti mia tatu na kidogo.

Ninaeleza hivi kwa sababu ulinganisho mwingi wa njia hizi umeandikwa na watu wenye intaneti isiyokatika na umeme wa saa ishirini na nne. Sisi hapa tunaongeza maswali mawili: inapakuliwa kwa megabaiti ngapi, na umeme ukikatika katikati ya kazi itakuwaje?

Kwanza, ujumbe usioujibu

Wakati mwingine Windows haikai kimya. Ukichomeka diski ya nje yenye ext4, inakupa herufi, tuseme E, halafu inakuambia: "You need to format the disk in drive E: before you can use it." Kitufe cha kwanza kimeandikwa "Format disk", na ndicho kimewekwa tayari kubonyezwa.

Kijana wangu wa dukani alikibonyeza mwaka juzi. Ilikuwa diski yangu ya terabaiti moja, picha za harusi za miaka mitatu na kadi zote tulizowahi kutengeneza. Hakufanya kwa ubaya, kompyuta ilimwambia "unahitaji" naye akatii. Nilirudisha sehemu ya picha kwa PhotoRec, programu ya bure inayochimbua mafaili yaliyofutwa, lakini PhotoRec hairudishi majina. Nilipata maelfu ya picha zinazoitwa f na namba ndefu, bibi harusi wa Mikindani kachanganyika na kipaimara cha Masasi. Mpaka leo sijamaliza kuzipanga.

Chanzo chake ni kidogo na kinafaa kujulikana. Kwenye diski za GPT, mpango wa kisasa wa kugawa diski, kila patisheni, yaani kila chumba, ina alama ya aina yake. Linux ina alama yake, na Windows ikiiona hupita bila kusema kitu. Lakini diski iliyonunuliwa dukani huja na alama ya Windows, na mtu akibadilisha mfumo wa ndani tu bila kubadilisha alama, Windows inadhani ni mali yake iliyoharibika. Ukipata ujumbe huo, bonyeza "Cancel", rudi Disk Management, bofya patisheni hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths" kisha "Remove". Herufi ikiondoka, ujumbe unaondoka. Macho yawe wazi tu: kwenye orodha hiyohiyo, mistari michache chini, kuna "Delete Volume".

Wasomaji tu: 7-Zip na Linux Reader

Ikiwa unachotaka ni kutoa faili, si kulirudisha, hizi mbili zinatosha, na zote zinafanya kazi hata kama Windows na Linux ziko diski moja.

7-Zip wengi wanaijua kwa kufungulia mafaili ya zip. Wachache wanajua kwamba inafungua ext4 pia. Kisakinishi chake hakifiki megabaiti 2. Unaitafuta 7-Zip File Manager kwenye menyu, unabofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Run as administrator", maana bila haki za msimamizi Windows haitakuruhusu kugusa diski nzima. Kwenye mstari wa anwani juu unaandika `\\.\` na kubonyeza Enter. Inakuletea diski zako: PhysicalDrive0, PhysicalDrive1 na kuendelea. Unaingia ndani, unaona patisheni zimepangwa kwa namba, unaitambua ya Linux kwa ukubwa wake, unabofya mara mbili. Zinatokea folda za Linux zenyewe: bin, etc, home, var. Mafaili ya mtu yako ndani ya home, kwenye folda yenye jina alilosajili.

Ndivyo nilivyofanya kwa katibu. Home, kisha jina la mpwa, kisha Documents, na humo tukakuta "Malipo mnada wa 3.ods". Nikaliburuta mpaka Desktop. Mzee aliinama akasogeza uso hadi karibu agonge skrini, akahesabu mistari kwa kidole. Yote ilikuwepo.

DiskInternals Linux Reader ni rafiki zaidi kwa mtu asiyependa kuandika alama za ajabu. Inafungua dirisha linalofanana na la mafaili ya kawaida, inaonyesha kila patisheni kwa jina na aina ya mfumo, inakuonyesha picha kabla hujaitoa. Ni kubwa kuliko 7-Zip, na ina baadhi ya mambo yaliyofungiwa kwenye toleo la kulipia, ila kwa kutoa mafaili ya ext4 toleo la bure linatosha. Kwa mtu ambaye atafanya hivi kila wiki ningemwekea hii. Kwa dharura ya mara moja na bando la kubana, 7-Zip.

Usalama wake ni uleule: haziandiki. Hata ukibonyeza vibaya, huwezi kuharibu upande wa Linux. Udhaifu wake nao ni mmoja. Ext4 ina jarida, mahali inapoandika kwanza kile inachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Umeme ukikatika ghafla, Linux ikiwaka tena husoma jarida na kumalizia kazi. Programu hizi mbili huisoma diski kama ilivyo, hazimalizii chochote. Kwa hiyo kama Linux ilizimika kwa umeme kukatika, usishangae faili la dakika za mwisho likaonekana la zamani au lisionekane.

WSL: bora kuliko zote, ikikukubali

Tangu 2016 Microsoft yenyewe inatoa njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, inaitwa WSL. Toleo la pili lina kerneli, yaani moyo wa mfumo, halisi ya Linux, na kerneli halisi ndiyo inayoijua ext4 kuliko programu yoyote ya kuiga. Kwenye Windows 11, au Windows 10 yenye WSL iliyotoka Microsoft Store, unaweza kuiambia WSL ichukue diski nzima na kuifungua. Unafungua PowerShell kwa haki za msimamizi, unaandika:

```
Get-CimInstance -Query "SELECT * FROM Win32_DiskDrive"
wsl --mount \\.\PHYSICALDRIVE1 --partition 2
```

Mstari wa kwanza unakuorodheshea diski ili ujue namba. Wa pili unafungua patisheni ya pili ya diski namba 1. Kisha kwenye dirisha la kawaida la mafaili unaandika `\\wsl$`, unaingia jina la Linux uliyosakinisha, mnt, wsl, na patisheni yako iko pale. Unasoma, unaandika, unafungua kwa Word moja kwa moja. Ukimaliza:

```
wsl --unmount \\.\PHYSICALDRIVE1
```

Kuna uzuri mdogo hapa ambao watu hawauoni. Linux haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba, na mtumiaji wa kwanza kwenye Ubuntu au Mint ni 1000. Mtumiaji wa kwanza ndani ya WSL naye ni 1000. Kwa hiyo faili utakaloandika kupitia WSL, ukiwasha Linux yako utalikuta ni lako, huambiwi huna ruhusa.

Sasa lile swali la nyumba moja au mbili. WSL haichukui patisheni, inachukua diski nzima, na inapoichukua Windows lazima iiachie. Diski ambayo Windows imewakia haiwezi kuachiwa. Basi. Kama Linux yako iko Disk 0 pamoja na C, njia hii imekufungia mlango, na hakuna amri ya kuubembeleza. Nimeona watu wakipoteza jioni nzima wakijaribu `--bare` (kuikabidhi WSL diski bila kuifungua) na ndugu zake kwa sababu walisoma maelekezo yasiyotaja hilo. Flashi pia hazikubaliwi, ingawa diski za nje za USB zinakubaliwa.

Wenye bahati hapa ni wale wenye kompyuta za zamani zilizofanyiwa ukarabati. Mafundi wetu wamezoea kutoa kisomeo cha CD, kuweka kwenye nafasi yake diski ya zamani ndani ya kile kifremu cha plastiki, na SSD mpya ikakaa mahali pa diski. Mtu akiweka Windows kwenye SSD na Linux kwenye ile ya pembeni, ana diski mbili halisi na WSL itamhudumia bila shida. Kumbuka tu kwamba kama diski hiyo ya pembeni ina pia patisheni ya D ya Windows, D itapotea kwenye macho yako hadi utakapofanya unmount. Haijafutika, imeazimwa.

Gharama yake ni bando na mashine. WSL pamoja na Ubuntu yake ni mamia ya megabaiti, BIOS lazima iwe imewashwa uwezo wa mashine pepe, na RAM ya gigabaiti 4 itahema. Kwa katibu isingewezekana hata kidogo: diski moja, RAM 4, bando linaelekea kwisha. Tena ukizima kompyuta, ukiiwasha inabidi uandike amri upya.

Kwa wenye Linux iliyofungwa kwa nenosiri zima zima, yaani LUKS, hii ndiyo njia ya kuitegemea kati ya hizi ninazozilinganisha. Unaitoa diski kwa `--bare`, halafu ndani ya WSL unaifungua kwa cryptsetup kama ambavyo ungefanya kwenye Linux yenyewe. 7-Zip ikikutana na LUKS inaona makorokoro tu.

Draiva zinazoipa Linux herufi

Ndoto ya wengi ni kuiona patisheni ya Linux ikiwa na herufi yake, L tuseme, ikikaa pembeni ya C kama vile haijawahi kuwa ngeni. Draiva za namna hiyo zipo, na hapa ndipo hukumu yangu inakuwa kali.

Ext2Fsd ilikuwa maarufu, bado utaikuta kwenye orodha nyingi za "programu bora". Toleo lake la mwisho ni 0.69 la Novemba 2017. Draiva inakaa ndani kabisa ya Windows na inaandika kwenye mafaili yako, nami siwezi kumkabidhi kazi hiyo mtu aliyeacha kuja kazini tangu 2017, wakati ext4 imeendelea kuongezewa mambo. Ukiikuta kwenye kompyuta ya mteja, itoe.

Paragon ina draiva ya kulipia, Linux File Systems for Windows. Hii inatunzwa, inasoma na kuandika ext2, ext3 na ext4, inakubali diski moja na Windows, na Btrfs na XFS, mifumo mingine ya mafaili ya Linux, inazisoma bila kuandika. Kama ni ofisi, kazi ni za kila siku, na Linux na Windows zimekaa diski moja, nadhani leseni yake inalipa. Kwa mwanafunzi au duka langu, hapana.

WinBtrfs ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na ni kwa ajili ya Btrfs peke yake. Itakuhusu kama ulisakinisha Fedora, kwa kuwa tangu toleo la 33 la Oktoba 2020 Fedora ya mezani huja na Btrfs, au openSUSE. Hujui unayo ipi? Ukiwa Linux andika `lsblk -f`, safu ya FSTYPE itakuambia. Mwenye Btrfs asihangaike na 7-Zip, haitafungua.

Kwa draiva yoyote inayoandika, na kwa WSL pia, kuna kosa moja lisilosameheka: kuandika kwenye Linux iliyolazwa badala ya kuzimwa. Linux ikilala kwa "hibernate" inahifadhi kumbukumbu ya diski ilivyokuwa. Wewe ukaingia kwa mlango wa Windows ukahamisha vitu, Linux ikaamka ikidhani vyombo viko palepale. Matokeo yake ni diski iliyovurugika.

Kwa ufupi, kwa mwenye haraka:

| Njia | Diski moja na Windows | Kuandika | Kupakua | Bei |
|---|---|---|---|---|
| 7-Zip | ndiyo | hapana | chini ya MB 2 | bure |
| Linux Reader | ndiyo | hapana | wastani | bure |
| WSL | hapana | ndiyo | mamia ya MB | bure |
| Paragon | ndiyo | ndiyo | wastani | kulipia |
| WinBtrfs | ndiyo | ndiyo | kidogo | bure |

Au ugeuze safari

Baada ya hayo yote, kwenye kompyuta yangu mwenyewe situmii hata moja kati ya hizo kila siku. Nimegeuza safari: badala ya Windows kwenda kugonga kwa Linux, mafaili ya kazi nimeyaweka mahali ambapo wote wawili wanapafahamu.

Windows haijui ext4, lakini Linux inaijua NTFS tangu zamani. NTFS-3G ilitoka ikiwa imara mwaka 2007, na mwaka 2021 kerneli ya 5.15 ilipata draiva yake ya ndani, ntfs3, iliyotolewa na Paragon haohao. Kwa hiyo nikaingia Disk Management, nikaipunguza C kwa "Shrink Volume", nikapata gigabaiti 60, nikatengeneza patisheni ya NTFS nikaiita KAZI. Kwenye Linux nikaongeza mstari mmoja kwenye fstab, faili la orodha ya patisheni za kufungua, ili ifunguke yenyewe kila mashine inapowaka, nikaweka neno `nofail` ili siku ikigoma Linux isigome nayo. Mafaili ya wateja, picha, orodha za malipo, yote humo. Nikiwa Windows nayaona, nikiwa Linux nayaona, na hakuna draiva ya ajabu upande wowote.

Ina masharti yake. Kubwa kuliko yote ni Fast Startup. Tangu Windows 8, ukibonyeza "Shut down" Windows haizimi kabisa, inajilaza nusu ili kesho iwake haraka, na patisheni zake zote za NTFS zinabaki zimeshikiliwa. Linux ikija inakuta mlango una kufuli: ama inakufungulia kusoma tu, ama inakataa. Watu wanadhani Linux imeharibika. Dawa yake ni kufungua PowerShell ya msimamizi na kuandika:

```
powercfg /h off
```

Fast Startup inakufa, hibernate nayo, na utarudishiwa gigabaiti kadhaa kwenye C zilizokuwa zimekaliwa na faili la hiberfil.sys. Kompyuta itachelewa kuwaka kwa sekunde chache. Mwenye SSD hatazisikia.

Sharti la pili ni BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski nzima kwa ufunguo. Kompyuta mpya nyingi za Windows 11 huja zimejifunga zenyewe bila mwenyewe kujua. Kabla ya kupunguza C hakikisha unao ule ufunguo wa kuokolea wa tarakimu 48, umeuandika pembeni, si ndani ya kompyuta hiyohiyo. Na KAZI iache bila kufungwa, au ukubali kuifungua kwa nenosiri kila unapoingia Linux.

La tatu ni majina. Linux itakuruhusu uite faili "Mnada 12:30" na lingine "Orodha" na lingine "orodha" kwenye folda moja. Windows haitaki nukta mbili kwenye jina, na kwake herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja. Ukifungua patisheni kwa NTFS-3G, chaguo la `windows_names` linazuia majina mabaya yasiandikwe tangu mwanzo.

Na si kila kitu kinafaa kuhamia huko. Nyaraka, picha, muziki, sawa. Folda nzima ya home ya Linux, hapana, ruhusa zake zitavurugika. Miradi ya waandishi wa programu yenye viungo na mafaili ya kuendeshwa nayo iachwe ext4.

Mtu ataniuliza mbona si exFAT, mfumo wa mafaili wa flashi nyingi, maana inasomeka kila mahali, hata kwenye televisheni, na Linux imekuwa nayo vizuri tangu kerneli ya 5.7 ya 2020. Kwa flashi, exFAT sina neno. Kwa patisheni ya kazi hapa kwetu, siitaki. Haina jarida. Kompyuta nyingi ninazoletewa betri zilishakufa, zinaishi kwa waya tu, umeme ukipepesa zinazimika palepale. NTFS ikiangushwa hivyo ina pa kuanzia kujirekebisha. ExFAT unabaki kuomba. Ila jua kwamba NTFS iliyoumia huponywa na `chkdsk` ya Windows. Ile `ntfsfix` ya Linux inafuta vumbi tu, kwa hiyo Windows yako usiifute hata kama huipendi.

Kwa katibu tulifanya hivyo pia, mchana uleule baada ya orodha kuchapwa. Linux yake niliirudisha kwa flashi ya kusakinishia niliyokuwa nayo, bila bando, nikakata gigabaiti 20 za NTFS, nikamwekea mkato kwenye meza ya kila upande wenye jina MSIMU.

Kulibaki kitu kimoja alichokigundua yeye. "Mwanangu, mbona saa hii inasema saa nne na adhana ya adhuhuri nimeisikia muda mrefu?" Kweli, upande wa Windows saa ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Linux huandika kwenye saa ya ndani ya mashine muda wa dunia, UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Windows inausoma uleule ikidhani ni wa Mtwara. Linaonekana dogo, lakini kwenye patisheni ya pamoja faili ulilorekebisha saa saba mchana ukiwa Windows linaandikwa la saa nne asubuhi, na programu ya kunakili inayobakiza "lililo jipya" italitupa na kubakiza la zamani. Ukiwa Linux:

```
timedatectl set-local-rtc 1
```

Nikawasha Windows tena, nikairekebisha saa. Saa saba na dakika ishirini. Katibu akailinganisha na ya mkononi mwake, akafunga kompyuta, akairudisha kwenye mfuko wa salfa.